Uzee wa Timu na Mgawanyo wa Mzigo: San Antonio Spurs Mbele ya Wapinzani Vijana, 2011–2014

1. Utangulizi

Katika historia ya mpira wa kikapu wa Marekani, swali la uwezo wa timu ya wachezaji waliovuka umri wa kilele kushindana na timu za vijana limejirudia kila kizazi. Mazingira ya mchezo huo yanalifanya swali kuwa zito. Kila upande huwa na wachezaji watano tu uwanjani, kwa hiyo udhaifu wa mmoja hauna mahali pa kujificha. Msimu wa kawaida wa Ligi ya Taifa ya Mpira wa Kikapu, yaani NBA, una mechi 82, na timu inayotaka ubingwa hulazimika kushinda mifululizo minne ya mtoano, ambayo leo hii kila mmoja unaweza kufika mechi saba. Mchezaji mwenye umri wa miaka 36 anaweza kumshinda kijana wa miaka 23 usiku mmoja. Jambo gumu ni kumshinda tena baada ya siku mbili, kisha tena baada ya siku mbili nyingine, kwa kuwa mwili uliozeeka hupona polepole.

Makala hii inachunguza swali hilo kwa kuitazama klabu ya San Antonio Spurs ya jimbo la Texas kati ya mwaka 2011 na 2014. Katika kipindi hicho klabu iliondolewa na vijana, ikatangazwa kuwa imefika mwisho, ikarudi fainali mara mbili mfululizo na hatimaye kutwaa ubingwa. Hoja kuu inayotetewa hapa ni kwamba umri wa timu haupimwi kwa miaka ya nyota wake pekee. Hupimwa pia kwa namna mzigo wa mchezo ulivyogawanywa. Timu huzeeka kwa kasi pale mzigo unapobaki juu ya mabega yaleyale yaliyoubeba wakati wa ujana. Huweza kuchelewesha uzee huo pale wakubwa wanapokubali kuugawa mapema, wangali na nguvu za kuubeba. Ili kuipima hoja hiyo, kisa cha San Antonio kinalinganishwa na visa vya Boston Celtics ya mwaka 1986 hadi 1988, Dallas Mavericks ya mwaka 2011, Los Angeles Lakers ya msimu wa 2012–13 na Brooklyn Nets ya msimu wa 2013–14.

2. Kielelezo cha Boston, 1986–1988

Mwaka 1986 Boston Celtics walitwaa ubingwa baada ya kushinda mechi 67 na kupoteza 15 katika msimu wa kawaida. Kikosi chao cha kuanza cha Larry Bird, Kevin McHale, Robert Parish, Dennis Johnson na Danny Ainge kinahesabiwa miongoni mwa vikosi bora katika historia ya ligi. Uongozi wa klabu ulifahamu kwamba kikosi hicho kingehitaji damu changa, na ndiyo maana mwezi Juni mwaka huo ulimchagua Len Bias akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya. Bias alifariki dunia siku mbili baadaye. Pamoja na msiba huo, Bill Walton, aliyekuwa nguzo ya wachezaji wa akiba, aliumia na kucheza mechi 10 tu katika msimu wa 1986–87.

Benchi lilipodhoofika, kocha K. C. Jones aliwategemea zaidi wale watano. Bird na McHale walicheza karibu dakika 40 kati ya dakika 48 za kila mechi. McHale aliingia katika hatua ya mtoano ya mwaka 1987 akiwa na mfupa wa mguu uliovunjika na akaendelea kucheza. Timu ilifika fainali, ikafungwa na Lakers mechi nne kwa mbili. Mwaka uliofuata Detroit Pistons waliiondoa katika fainali ya Ukanda wa Mashariki kwa idadi hiyohiyo. Wakati huo Parish alikuwa na umri wa miaka 34, Johnson 33 na Bird 31. Pistons walikuwa na Isiah Thomas na Joe Dumars waliokuwa bado katika umri wa kilele, na benchi lao lilimleta Dennis Rodman na John Salley wakati miguu ya wapinzani ilipoanza kuchoka. Mwezi Novemba 1988 Bird alifanyiwa upasuaji wa visigino vyote viwili, na msimu huo wa 1988–89 alicheza mechi sita tu.

Kisa cha Boston kina mambo mawili. La kwanza ni bahati mbaya, na si haki kuulaumu uongozi kwa kifo cha kijana uliyemchagua. La pili ni la kimfumo: baada ya mrithi kukosekana, mzigo uliongezwa juu ya mabega yaleyale. Bird hakuwa mzee kwa hesabu ya miaka, kwani alikuwa na umri wa miaka 31 tu. Alizeeshwa na dakika. Kwa sababu hiyo kisa hiki kinafaa kuwa kipimo cha yale yaliyofanywa San Antonio robo karne baadaye.

3. San Antonio yaondolewa, 2011–2012

Kufikia mwaka 2011, San Antonio Spurs chini ya kocha Gregg Popovich walikuwa wametwaa ubingwa mara nne: mwaka 1999, 2003, 2005 na 2007. Nguzo zao tatu zilikuwa Tim Duncan, mzaliwa wa kisiwa cha St. Croix, Manu Ginóbili wa Argentina, na Tony Parker, aliyekulia Ufaransa. Katika msimu wa 2010–11 timu ilishinda mechi 61 na kuongoza Ukanda wa Magharibi. Hata hivyo, katika mzunguko wa kwanza wa mtoano iliondolewa mechi nne kwa mbili na Memphis Grizzlies, timu ya nane katika ukanda, ambayo haikuwa imewahi kushinda hata mechi moja ya mtoano katika historia yake. Duncan alitimiza umri wa miaka 35 wakati mfululizo huo ukiendelea.

Mwaka uliofuata ulionekana kuthibitisha hukumu hiyo. Spurs walishinda mechi 20 mfululizo, zikiwamo 10 za kwanza za mtoano, na kuongoza mbili kwa bila katika fainali ya ukanda dhidi ya Oklahoma City Thunder. Kisha wakafungwa mechi nne mfululizo. Kevin Durant na Russell Westbrook walikuwa na umri wa miaka 23 kila mmoja. James Harden na Serge Ibaka walikuwa na miaka 22. Timu iliyoongozwa na mtu wa miaka 36 ilikuwa imeshindwa na timu ambayo nyota wake walikuwa watoto wa shule ya msingi alipoingia katika ligi mwaka 1997. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba zamu imepita.

Hitimisho hilo liliacha nje mambo yaliyokuwa yamekwisha kuanza. Mwezi Juni 2011 klabu ilimtoa George Hill, mchezaji aliyependwa na kocha, kwenda Indiana ili kumpata Kawhi Leonard, kijana wa miaka 19 aliyechaguliwa wa kumi na tano. Danny Green alichukuliwa baada ya kuachwa na Cleveland. Boris Diaw aliingia mwezi Machi 2012 baada ya kuachwa na Charlotte. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeletwa kuwa nyota. Waliletwa kubeba sehemu ya kazi ambayo wakubwa walikuwa wanaipunguza.

4. Kugawa dakika, fedha na nafasi ya kwanza

Mgawanyo wa mzigo San Antonio ulikuwa wa aina tatu. Wa kwanza ulihusu dakika. Duncan, ambaye katika msimu wa 2001–02 alikuwa akicheza zaidi ya dakika 40 kwa mechi, alishushwa hadi takribani dakika 28 katika misimu ya 2010–11 na 2011–12. Mara nyingine hakuchezeshwa kabisa. Tarehe 25 Machi 2012, dhidi ya Philadelphia, taarifa rasmi ya mechi ilitaja sababu ya kutocheza kwake kwa neno moja: mzee. Wengi walicheka, lakini mzaha huo ulibeba sera.

Sera hiyo ilipata upinzani wa wazi. Tarehe 29 Novemba 2012 Popovich aliwarudisha nyumbani Duncan, Parker, Ginóbili na Green kabla ya mechi dhidi ya Miami iliyoonyeshwa kwenye televisheni nchini kote. Kamishna wa ligi, David Stern, aliitoza klabu faini ya dola 250,000. Hoja ya ligi haikuwa ya kupuuzwa, kwani mtazamaji aliyenunua tiketi alikuwa na haki ya kuwaona wachezaji aliowalipia, na mwaka 2017 ligi ilipitisha kanuni za kuzuia upumzishaji wa aina hiyo. Kwa mwanahistoria, faini hiyo inaonyesha kwamba kuitunza timu ya wazee kulikuwa na gharama, na kwamba sehemu ya gharama hiyo ililipwa na watu wasioshirikishwa katika uamuzi. Inafaa pia kukumbuka kwamba wachezaji wa akiba walipoteza mechi ile kwa pointi tano tu, 105 kwa 100, dhidi ya mabingwa watetezi.

Mgawanyo wa pili ulikuwa wa fedha. Mshahara wa Duncan katika msimu wa 2011–12 ulizidi dola milioni 21. Katika mkataba mpya aliousaini mwaka 2012, mshahara wa msimu wa kwanza ulikuwa chini ya dola milioni 10. Kwa kuwa NBA huweka kikomo cha jumla ya mishahara ya timu, fedha alizoziacha mkubwa zilikuwa nafasi ya kuwabakiza wenzake.

Mgawanyo wa tatu, ambao pengine ndio mgumu kuliko yote, ulihusu nafasi ya kwanza uwanjani. Katika miaka ya ubingwa wa mwanzo, mpira ulipelekwa kwa Duncan karibu na kikapu na wengine wakamsubiri. Polepole uongozi wa mashambulizi ulihamia kwa Parker, na baadaye kwa mfumo wa pasi za haraka ambao haukumtegemea mtu mmoja. Ginóbili, ambaye katika timu nyingi angeanza, aliendelea kuingia kutoka benchi. Wakubwa walibaki kuwa wakubwa katika vyumba vya kubadilishia nguo, lakini uwanjani walikubali kuwa sehemu ya wengine.

5. Fainali mbili: kushindwa 2013, kushinda 2014

Mwaka 2013 Spurs walifika fainali dhidi ya Miami Heat ya LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh. Tarehe 18 Juni, katika mechi ya sita, waliongoza kwa pointi tano zikiwa zimebaki sekunde 28.2, huku wakiongoza mfululizo mechi tatu kwa mbili. Ginóbili alikosa mtupo huru mmoja kati ya miwili, na Leonard naye akakosa mmoja kati ya miwili. Zikiwa zimebaki sekunde 5.2, Ray Allen alifunga mtupo wa pointi tatu uliosawazisha. Miami walishinda 103 kwa 100 katika muda wa nyongeza, na siku mbili baadaye wakashinda mechi ya saba.

Mechi hiyo ya sita hutajwa mara nyingi kuwa ushahidi wa uchovu wa wazee, na upo ushahidi wa kuunga mkono maoni hayo. Duncan alifunga pointi 25 katika nusu ya kwanza na tano katika robo ya tatu, kisha hakufunga tena. Alicheza dakika 44, yaani zaidi sana ya kiwango chake cha kawaida. Lakini usomaji wa makini unatatanisha picha hiyo. Mitupo huru iliyokosekana iligawanyika sawasawa kati ya mtu wa miaka 35 na kijana wa miaka 21. Duncan hakuwa uwanjani Miami walipoudaka mpira uliozaa mtupo wa Allen. Na Allen mwenyewe, aliyeokoa timu iliyohesabiwa kuwa ya vijana, alikuwa na umri wa miaka 37. Kinachojitokeza ni kwamba pale Spurs walipolazimika kurudi kwenye desturi ya zamani ya kumtwisha mkubwa mzigo wote, nguvu zake zilikwisha kabla ya mechi.

Msimu wa 2013–14 sera ilifikishwa ukingoni. Spurs walishinda mechi 62, nyingi kuliko timu yoyote, na wakawa timu ya kwanza katika historia ya NBA ambayo hakuna mchezaji wake hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi. Parker, aliyeongoza kwa ufungaji, alikuwa na wastani wa pointi 16.7 tu. Patty Mills wa Australia, Marco Belinelli wa Italia, Tiago Splitter wa Brazil na Diaw wa Ufaransa walipewa dakika za kweli mwezi Novemba ili mwezi Juni wasiwe wageni.

Matokeo yalionekana kwanza dhidi ya Thunder, walewale waliowaondoa mwaka 2012, na Durant akiwa sasa mchezaji bora wa msimu. Katika mechi ya sita ya fainali ya ukanda, Parker aliumia kifundo cha mguu na hakucheza nusu ya pili. Diaw alifunga pointi 26 akitokea benchi, na Duncan, akiwa na miaka 38, bado alikuwa na nguvu za kuamua muda wa nyongeza. Spurs walishinda 112 kwa 107. Tofauti na usiku wa Miami mwaka uliotangulia ni dhahiri: nguvu za mkubwa zilikuwapo mwishoni kwa sababu wengine walikuwa wamebeba katikati.

Katika fainali Spurs waliifunga Miami mechi nne kwa moja, kwa wastani wa tofauti ya pointi 14 kwa mechi, tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya fainali za ligi hiyo. Katika nusu ya kwanza ya mechi ya tatu walifunga asilimia 75.8 ya mitupo yao. Tarehe 15 Juni 2014, katika mechi ya tano, walianza kwa kuachwa 22 kwa 6, kisha wakashinda 104 kwa 87. Leonard alifunga 22, Ginóbili 19 na Mills 17. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Leonard, aliyekuwa bado na umri wa miaka 22.

6. Kupima maelezo mbadala

Maelezo ya kwanza yanayotolewa kuhusu mafanikio hayo ni uzoefu. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko, na hakuna shaka kwamba Duncan na wenzake walijua mengi. Hata hivyo, uzoefu peke yake haueleze visa vingine vya wakati uleule. Lakers wa msimu wa 2012–13 walikuwa na Steve Nash, Kobe Bryant na Pau Gasol, wachezaji wenye uzoefu usiopungua ule wa San Antonio. Bryant, akiwa na miaka 34, alichezeshwa zaidi ya dakika 38 kwa mechi hadi kano yake ya kisigino ilipokatika tarehe 12 Aprili 2013. Lakers waliondolewa na Spurs haohao mechi nne kwa bila. Mwaka huohuo Brooklyn Nets walitoa haki zao za kuchagua wachezaji wapya kwa miaka kadhaa ili kuwapata Kevin Garnett na Paul Pierce. Walishinda mechi 44, wakatolewa na Miami katika mzunguko wa pili, na haki walizozitoa zikawajenga Boston upya. Nets walinunua uzoefu kwa kuuza warithi.

Maelezo ya pili ni bahati. Westbrook aliumia mwaka 2013, na Ibaka alikosa mechi mbili za kwanza za fainali ya ukanda mwaka 2014. Katika mechi ya kwanza ya fainali ya mwaka huo mitambo ya kupoza hewa iliharibika, na James akatoka kwa kukakamaa misuli. Mambo haya hayafai kufichwa. Lakini bahati haielezi tofauti ya pointi 15 au zaidi katika kila mojawapo ya mechi nne za ushindi, wala haielezi ushindi ambao Parker mwenyewe aliukosa nusu yake.

Maelezo ya tatu yanahoji msingi wa swali lenyewe: je, wapinzani walikuwa vijana kweli? Thunder walikuwa vijana bila ubishi. Miami ya mwaka 2014 ilikuwa na nyota wenye umri mdogo kuliko Duncan, lakini benchi lake lilimtegemea Allen wa miaka 38, Shane Battier na Chris Andersen wa miaka 35, na Wade alikuwa amekosa mechi 28 za msimu. Ilikuwa pia fainali yao ya nne mfululizo. Kwa hiyo timu iliyojulikana kuwa ya wazee ilikuwa na miguu mibichi zaidi. Hoja hii inaimarisha ile ya makala hii, kwa sababu inathibitisha kwamba umri wa nyota na umri wa timu ni vitu viwili tofauti.

Dallas Mavericks ya mwaka 2011 inaongeza tahadhari. Ikiwa na Dirk Nowitzki wa miaka 32 na Jason Kidd wa miaka 38, iliwashinda Thunder na Miami na kutwaa ubingwa. Kisha Tyson Chandler, nguzo ya ulinzi, akaondoka, na mwaka 2012 Thunder wakaiondoa mechi nne kwa bila. Timu ya wazee inaweza kushinda mara moja bila kupanga urithi. Kuendelea kushindana ni jambo jingine.

7. Hitimisho

Ushahidi uliochunguzwa unaonyesha kwamba timu iliyozeeka inaweza kubaki na ushindani dhidi ya vijana, kwa masharti. Wakubwa wapunguze dakika, fedha na nafasi zao kabla ya kulazimishwa na majeraha. Warithi wapewe kazi halisi mapema, wakati makosa yao bado hayana gharama kubwa. Klabu nayo iwe na kocha na uongozi wenye muda wa kutosha kuvumilia lawama za mwanzo. Boston ilikosa warithi kwa msiba. Brooklyn ilikosa kwa hiari.

Masharti hayo hayaondoi kikomo. Spurs walishinda mechi 67 katika msimu wa 2015–16, kisha wakaondolewa na Thunder katika mzunguko wa pili. Duncan alistaafu mwezi Julai 2016 akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 2018 Leonard, aliyeandaliwa kuurithi mzigo wote, alihamia Toronto, na mwaka uliofuata akaipa klabu hiyo ubingwa wake wa kwanza. Mwaka 2020 San Antonio walikosa hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza baada ya misimu 22. Wazee waliweza kuamua namna ya kuutua mzigo. Hawakuweza kuamua mrithi angeubebea wapi.